Maswali ya Sampo: Mambo ya Kujua Kabla Hujaachia Ngoma

Nimekaa kwenye studio ndogo hapa Tabata miaka kadhaa sasa na maswali ni yale yale kila wiki, dogo anakuja na biti kali, namuuliza hii gita umeitoa wapi, anasema "nimeiokota tu YouTube bro". Basi nimeamua niyaandike majibu sehemu moja ili nisiwe narudia, na pia kwa sababu naumia nikiona ngoma nzuri inashushwa kwenye majukwaa wiki mbili baada ya kutoka kisa kipande cha sekunde nne ambacho kingeweza kuombwa. Kusampo ninakoongelea ni kuchukua kipande cha rekodi ya mtu ukakitumia ndani ya ngoma yako. Mimi si mwanasheria, ukiwa na dili kubwa mezani tafuta mwanasheria. Haya ni ya prodyuza kwa prodyuza.

Nikichukua chini ya sekunde saba si ruksa?

Hapana, hapana, hapana. Hii ya sekunde saba nimeisikia tangu naanza kugusa kompyuta, wengine wanasema sita, wengine wanasema baa nne za muziki, na hakuna sheria yenye sekunde za bure, si Tanzania, si Kenya, si Marekani. Marekani kwenyewe mwaka 2005 mahakama ya rufaa iliamua kesi ya Bridgeport, ishu ilikuwa ngoma ya N.W.A iliyochukua gita la Funkadelic la kama sekunde mbili tu, likashushwa pichi (yaani sauti ikafanywa nzito) na kuzungushwa, na mahakama ikasema pata leseni au usisampo, basi. Alafu 2016 mahakama nyingine ya rufaa ya huko huko ikaangalia Vogue ya Madonna, kipande cha tarumbeta cha sekunde 0.23, ikasema hiki ni kidogo mno msikilizaji wa kawaida hawezi hata kukitambua, kwahiyo hakuna kosa. Unaona? Wenyewe kwa wenyewe hawakubaliani. Na Ulaya kuna ile kesi ya Kraftwerk, bendi ya Ujerumani, mdundo wa sekunde mbili wa 1977 ambao prodyuza mmoja Mjerumani aliusampo 1997, mvutano ukafika mpaka mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya na 2019 wakasema kusampo bila ruhusa hapana, labda uwe umeibadilisha mpaka sikio halitambui tena. Miaka zaidi ya ishirini kwa sekunde mbili. Wewe una hela ya mwanasheria ya miaka ishirini?

Sasa nikiikata kata, nikashusha pichi, nikaigeuza nyuma mbele?

Kisanii safi sana, endelea. Kisheria inategemea kama bado inatambulika na uko chini ya sheria ya wapi, na ngoma ikishapanda Spotify au Boomplay iko nchi nyingi kwa wakati mmoja. Ila ukweli nnaoujua kutoka studio ni kwamba mtu akisampo anataka ile ladha ibaki, na kama ladha ipo mwenyewe ataisikia. Mpiga gita anaijua mikono yake hata ukiizamisha kwenye maji.

Haya nataka kuomba ruhusa, namuomba nani?

Hapa ndio wengi wanapotea, shika vizuri. Kila ngoma iliyorekodiwa ina haki mbili. Kuna WIMBO wenyewe, yaani maneno na melodi, huo ni wa mtunzi au kampuni aliyoikabidhi. Na kuna REKODI, yaani ile sauti iliyonaswa siku ile studio, sisi tunaita masta, hiyo kawaida ni ya aliyelipia kurekodi, lebo au studio au msanii mwenyewe. Ukisampo umegusa zote mbili kwahiyo unahitaji ruhusa mbili. Ni kama geti lenye kufuli mbili, kufungua moja hakukuingizi ndani.

Mfano mzuri ni Every Breath You Take ya The Police. Puff Daddy aliisampo 1997 kwenye I'll Be Missing You, na kile unachokisikia kinazunguka mwanzo mwisho ni gita la Andy Summers wa bendi hiyo. Lakini mtunzi aliyeandikishwa ni mwimbaji wao Sting peke yake, kwahiyo hela ya utunzi ya ngoma mpya ikaenda kwa Sting. Aliyepiga gita hana fungu la utunzi hapo. Kwahiyo ukitafuta mwenye haki usitafute tu "yule aliyepiga", tafuta nani aliandikishwa kama mtunzi na nani anamiliki masta.

Nikiipiga upya mwenyewe, sijagusa rekodi yao?

Hiyo ni njia nzuri na mimi naipenda. Ukimuita mpiga gita akapiga ile laini upya, rekodi ni yako, umebaki na kufuli moja tu, la mtunzi. Rapper's Delight ya Sugarhill Gang ya 1979 ndivyo ilivyokuwa, bendi ilipiga upya mdundo wa Good Times ya Chic, ila bado Nile Rodgers na Bernard Edwards wa Chic wakadai haki yao ya utunzi wakaandikwa kama watunzi. Hata kiitikio ukikiimba wewe kwa mdomo wako bado ni cha mtu. Manu Dibango wa Kameruni alitoa Soul Makossa 1972, miaka kumi baadaye Michael Jackson akaweka kibwagizo kinachofanana na kile chake kwenye albamu ya Thriller, wakaja kumalizana nje ya mahakama.

Faida nyingine ambayo watu hawaisemi: unampa mpiga gita wa leo kazi.

Nataka kusampo zilipendwa, zile za Redio Tanzania. Wazee hawatajua bana

Watajua. Na hata wasingejua.

Ngoja nikae hapa kidogo maana hili ndilo swali la kwetu hasa. Miaka ya sabini na themanini ukitaka kurekodi muziki wa dansi Dar ulikuwa unaenda Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi inaingia studio inapiga, inatoka, tepu inabaki redioni. Baadhi ya bendi zikapeleka kazi Kenya maana mitambo ya kufyatua santuri ilikuwa Nairobi. Matokeo yake leo wimbo mmoja unakuta una tepu ya redio huku, una santuri ya Nairobi kule, lebo ilishabadilisha mikono, na mtunzi alikuwa mwanabendi ambaye jina lake halikuandikwa popote zaidi ya jina la bendi. Kwahiyo usidhani kwa sababu imejaa YouTube basi haina mwenyewe. Imejaa YouTube kwa sababu kuna mtu aliipandisha bila kumuuliza mtu.

Nnavyofanya mimi: kwanza najua version gani hasa nimeisampo, ya redio au ya santuri, maana masta ni tofauti. Kama ni tepu ya redio naanzia TBC ambao ndio warithi wa Redio Tanzania. Kama ni santuri naangalia jina la lebo katikati ya sahani alafu nafuatilia nani anazo haki zake leo. Mtunzi naulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwanza alafu naulizia kwa watu, na hapa kuulizia kwa watu kunafanya kazi kuliko kompyuta. Nilishawahi kutafuta mtunzi wa wimbo mmoja wiki tatu kwenye mtandao sikuambulia kitu, siku nimeenda Magomeni kwa fundi wa maspika nikapiga kile kipande kwenye simu, mzee mmoja aliyekaa pale pembeni akasema huyu ni fulani, anakaa mtaa wa tatu kutoka hapa. Nikaenda. Shikamoo mzee, marahaba, nikamuwekea ile biti. Alisikiliza mpaka mwisho akaniambia mpigo wa pili nimeukata vibaya, akanionyesha ulivyokuwa. Tukaandikiana. Hakudai hela ya kutisha, alichotaka ni jina lake liandikwe na mgao wake uje kwenye simu.

Wazee wengi wa dansi hawajawahi kulipwa sawasawa kwa zile nyimbo tunazocheza kwenye kila harusi. Sisi tukiwasampo kimya kimya tunawaibia mara ya pili.

Mtunzi kafariki, na wimbo ni wa zamani sana, si umeshakuwa wa wote?

Piga hesabu kwa vipande viwili tena. Kwa sheria ya Tanzania Bara ya 1999 haki ya mtunzi inaishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki, na rekodi nayo ina ulinzi wake wa miaka 50. Kwahiyo unaweza kukuta rekodi ya mwanzoni mwa miaka ya sabini muda wake umeisha hapa kwetu lakini mtunzi amefariki juzi juzi tu, maana yake watoto wake wana haki kwa miongo mingi mbele. Ongea na familia, na waombe wakubaliane kwanza nani anasaini, usichukue saini ya mtoto mmoja ukadhani yameisha, nimeona ndugu wakigombana kwa sababu hiyo. Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao, COSOZA, kwahiyo taarab ya Unguja anzia huko. Na kumbuka nje ya nchi hesabu ni nyingine, Umoja wa Ulaya rekodi zinalindwa miaka 70, na Marekani rekodi za kabla ya 1923 ndio kwanza zilifunguliwa kwa umma Januari 2022.

Je ngoma za asili, nyimbo za jando, za mavuno?

Wimbo wa jadi hauna mtunzi mmoja lakini haimaanishi ni wa kuokota. Sheria yetu ya 1999 ina sehemu nzima inayohusu sanaa za jadi, na Kenya walitunga sheria yao ya kulinda maarifa na sanaa za jadi mwaka 2016. Alafu hata kama wimbo ni wa kijiji kizima, REKODI ina mwenyewe. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka na mitambo yake akirekodi ngoma nchi nyingi za Afrika ikiwemo Tanganyika, na zile tepu ziko kwenye maktaba ya ILAM Afrika Kusini aliyoianzisha 1954, huzichukui tu. Kama una ndugu kijijini nenda na simu yenye maiki nzuri, waombe wazee, warekodi wenyewe, walipe, waandike majina. Inagharimu nauli na soda na posho, na unarudi na sauti ambayo hakuna prodyuza mwingine duniani anayo.

Vifurushi vya sauti vilivyoandikwa "bila mirabaha", niko huru kabisa?

Uko huru kwenye mirabaha, hauko huru kwenye masharti. Unalipa mara moja au unalipia kwa mwezi kama kwenye tovuti ya Splice, unatumia kwenye ngoma yako, unauza, hawakudai asilimia. Na usione aibu, Umbrella ya Rihanna dramu zake ni lupu, yaani kipande kinachojirudia, iliyokuwa inakuja na programu ya muziki ya GarageBand, na Espresso ya Sabrina Carpenter imejengwa na lupu za Splice. Ila soma masharti, karibu yote yanakataza kuiuza lupu ikiwa peke yake au kuiweka kwenye kifurushi chako kama ya kwako.

Na zile folda za giga 40 zinazozunguka Telegram na kwenye flashi za Kariakoo, hizo ni za wizi. Leseni ya kifurushi anapewa mtu aliyelipia, kwahiyo wewe hapo huna leseni yoyote, hata kama ndani ya folda kuna karatasi imeandikwa bila mirabaha.

Mbona nimelipia lupu kihalali alafu YouTube wamenipiga klemu?

Klemu ni dai la hakimiliki juu ya video yako, hii inauma sana na inatokea kila siku. Lupu uliyolipia wamelipia na wengine maelfu. Mmoja wao akapeleka ngoma yake kwa msambazaji akaweka tiki kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua sauti, mfumo ukaichukua ile lupu kama sauti yake, kuanzia hapo kila anayetumia lupu ile anadakwa. Mfumo hauangalii leseni, unalinganisha sauti tu. Dawa ni kupinga klemu ukiambatanisha risiti na leseni, ndio maana risiti usifute, mimi ninayo folda moja kwa kila ngoma, ndani kuna risiti, skrinishoti ya masharti ya siku niliyopakua na jina la kila faili nililotumia. Na upande wa pili, wewe mwenyewe kama melodi kuu ya ngoma yako ni lupu ambayo kila mtu anayo USIWEKE tiki ya Content ID. Masharti ya YouTube yanataka uwe na haki ya peke yako juu ya unachokisajili, na ukikiuka ni wewe unawapiga klemu wenzako wasio na kosa.

Creative Commons je, Freesound na wenzake?

Creative Commons ni leseni ambazo mwenye kazi anaruhusu mapema itumike kwa masharti yake. Freesound ni hazina ya sauti mtandaoni, ilianzishwa chuo kikuu cha Pompeu Fabra kule Barcelona 2005 na kuna sauti za kila kitu. Ila kila sauti ina leseni yake, usiipite ile alama. CC0 fanya utakalo. BY taja jina la mwenyewe. Ikiwa na NC ni mwiko kwa biashara, na ngoma ukiipandisha kwenye majukwaa ikaanza kuingiza hela hiyo ni biashara. SA inakutaka ngoma yako nayo uitoe kwa leseni hiyo hiyo.

Old Town Road ni somo tosha. Prodyuza kijana wa Uholanzi, YoungKio, alichukua banjo kutoka Ghosts I–IV, albamu ya Nine Inch Nails ya 2008 iliyotolewa kwa Creative Commons, lakini yenye NC na SA. Biti akaiweka mtandaoni, Lil Nas X akainunua dola 30. Ngoma ikalipuka, ikabidi waende kuomba ruhusa, na bahati nzuri Trent Reznor wa Nine Inch Nails na mwenzie Atticus Ross hawakuweka kinyongo, wakaandikwa kama watunzi, ngoma ikakaa namba moja Billboard wiki 19 mwaka 2019. Wewe usitegemee utakutana na mtu mwenye roho hiyo.

Nimenunua biti mtandaoni, sampo iliyomo ndani si tatizo la prodyuza?

Ni lenu wote. Jina linaloonekana ni la msanii kwahiyo barua inaanzia kwako. Kabla ya kulipa muulize kwa maandishi, ndani kuna sampo? imetoka wapi? una ruhusa? Na kwenye mkataba kuwe na mstari prodyuza anathibitisha kila sauti ni yake au ina leseni, na kama amedanganya hasara ni yake. Prodyuza anayekasirika kuulizwa hivyo achana naye.

Nikitoa bure tu, au nikiandika "sina haki na muziki huu"?

Kutoa bure hakukupi ruhusa. Na ile sentensi unajishtaki mwenyewe kwa maandishi.

Kuna bei maalum ya kusampo?

Hakuna bei ya serikali, ni maelewano. Kawaida mwenye masta anaomba hela ya mkupuo na pengine asilimia ya mauzo, mtunzi anaomba sehemu ya utunzi wa ngoma mpya. Kadiri sampo inavyobeba ngoma ndivyo sehemu inavyokua. Na ukiomba baada ya ngoma kuhiti hauna nguvu tena ya kuongea. The Verve walikuwa na Bitter Sweet Symphony 1997, walikuwa wameomba ruhusa ya rekodi waliyoisampo, ila ukaja ugomvi juu ya haki ya wimbo wenyewe, hela ya utunzi ikaenda kwa upande wa Jagger na Richards wa Rolling Stones, watunzi wa wimbo ule, Richard Ashcroft aliyeandika maneno yote akakaa zaidi ya miaka ishirini bila mgao wa utunzi mpaka waliporudisha 2019. Na kwenye mkataba andika kabisa: kipande kinaanzia dakika ngapi mpaka ngapi, kinarudiwa mara ngapi.

Na andikeni matumizi YOTE, mtandaoni, video, matangazo, filamu, na teknolojia zitakazokuja. De La Soul walitoa albamu yao ya kwanza 1989 imejaa sampo, mikataba ya wakati ule haikuwaza mtandao, mashabiki wakasubiri mpaka Machi 2023 kuzisikia kwenye majukwaa.

Ujumbe wa kuomba nauandikaje?

Mfupi na wenye heshima. Jina lako, jina la ngoma yao na mwaka, kipande gani umetumia, umekifanyaje, utaachia wapi na lini, unapendekeza mgao gani. Ambatanisha biti, wasikie kwa masikio yao. Nje ya nchi tuma kwa idara ya leseni ya lebo na ya kampuni ya utunzi kwa wakati mmoja, na jipe miezi siyo siku. Wengi hawatajibu. Kimya sio ndiyo. Uwe na toleo la pili la biti lisilo na sampo ili tarehe isikupite.

Akapela za kutenganisha kwa AI, na sauti ya msanii iliyoigizwa na mashine?

Akapela ni sauti ya mwimbaji bila muziki, na kuitenganisha hakubadilishi mwenyewe, ile bado ni masta yao. Kuigiza sauti ya mtu aliye hai bila kumuuliza mimi studio kwangu sifanyi kwa bei yoyote.

Sauti za mtaani, konda, hotuba, mahubiri?

Mvua, bodaboda, kelele za sokoni ulizorekodi mwenyewe ni zako. Konda akisikika waziwazi kwa maneno yake muombe, mpe kitu. Hotuba ya kiongozi nayo ina kufuli mbili, maneno ni ya mtoa hotuba na rekodi ni ya kituo kilichorekodi. Adhana na kisomo naomba tuviache, hapo siongelei leseni tena.

Ngoma ishatoka, ina sampo sijaomba, na inaanza kupanda. Nifanyeje?

Leo hii, sio wiki ijayo. Simamisha matangazo ya kulipia, usisaini dili lolote la kampuni kutumia ngoma hiyo maana hapo utakuwa unauza kisicho chako. Hela iliyoingia usiiguse yote. Tafuta mwenyewe ukamwambie kabla hajakutafuta, mfuate na takwimu za wasikilizaji bila kuzipunguza na pendekezo la mgao. Kama hapatikani au amekataa, tengeneza toleo lenye gita jipya, badilisha kwenye majukwaa yote, weka kumbukumbu ya tarehe uliyobadilisha. Nimewahi kukaa usiku mzima na dogo mmoja tukifanya hivyo, mpiga gita alifika saa nne usiku kutoka Mbagala, tulipomaliza saa kumi alfajiri ile laini mpya ilikuwa nzuri kuliko ya kwenye sampo.